Mashindano yako ya kwanza ya raketiboli, jinsi ya kujipanga hatua kwa hatua

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, wengi wenu nawaona YMCA na kwenye jimu za vyuo, mnapita pale kwenye vile vyumba vya ukuta wa kioo mnasikia mpira unagonga mnaendelea na safari, na wale walioingia wakaupenda mchezo kila nikiwaambia wajiandikishe mashindano wananijibu bado sijaiva. Mimi nilisema hivyo hivyo miaka miwili mizima. Mwezi mmoja tu wa kujiandaa kwa mashindano ulinifundisha mengi kuliko hiyo miaka miwili ya kucheza na jamaa yule yule kila jumamosi, maana ukizoea mtu mmoja unakuwa unamjua yeye, mipira yake, uvivu wake, basi, siku ukikutana na mgeni unaanza upya.

Kwa asiyejua kabisa, huu mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi alianzisha Joe Sobek mwaka 1950 pale YMCA ya Greenwich, Connecticut. Mnacheza ndani ya chumba chenye urefu wa futi 40, upana futi 20 na kwenda juu futi 20, kuta zote nne zinatumika na dari pia inatumika. Hiyo dari ikumbuke, tutairudia.

Hatua ya 1, chagua daraja lako kwa ukweli

Madaraja ya wachezaji wa kawaida yanaanzia novisi, yaani wanaoanza, halafu D, C, B, A, mpaka kule juu wanakoita oupeni. Kama hujawahi kucheza mashindano ingia novisi au D, usione aibu. Nimeona watu wanaingia C kwa sababu pale jimu kwao hamna anayewafunga, wanakula 15-2 mara mbili na hawarudi tena, inaniuma sana kwa sababu walikuwa na kipaji. Kama hujui uko wapi muulize msimamizi wa mashindano, mwambie unacheza na nani na unafungwaje, hao watu wanajua na wanafurahi kupata mgeni.

Kujiandikisha mara nyingi ni kwenye mtandao wa R2Sports, na mashindano yaliyosajiliwa yanataka uwe mwanachama wa USA Racquetball, chama cha mchezo huu hapa Marekani. Kabla hujalipa uliza kitu kimoja, nikifungwa mechi ya kwanza nacheza tena au narudi nyumbani? Mengine yana droo ya pili ya waliofungwa mapema, mengine kwenye madaraja ya chini kila mtu anacheza na kila mtu, na kwa mara ya kwanza hayo ndo mazuri, unapata mechi tatu nne kwa hela ile ile. Ingia daraja moja tu. Ukiingia mawili unaweza kujikuta una mechi tatu jioni moja na miguu haipo.

Hatua ya 2, vifaa

Miwani ya kukinga macho ni lazima, na iwe na lenzi, sio ile ya matundu matupu. Hapa sina utani, mpira unaruka maili 100 kwa saa na zaidi kwa wanaojua kupiga, na jicho ni jicho, hata mazoezini ivae. Raketi isizidi inchi 22 na kamba yake ivae mkononi kila wakati. Viatu viwe vya ndani, soli isiyoacha alama sakafuni. Kitu watu wanasahau ni glavu, beba tatu ukiweza, maana ikilowa jasho raketi inateleza na gemu nzima unawaza mkono badala ya mpira. Fulana nne, taulo, maji, ndizi.

Hatua ya 3, sevu mbili tu lakini uzijue usingizini

Huku madaraja ya chini sevu, yaani pigo la kuanzisha mpira, ndo inaamua nani anarudi nyumbani mapema. Kumbuka unadundisha mpira mara moja ndani ya eneo la sevu, unapiga, lazima uguse ukuta wa mbele kwanza kabla ya kitu chochote, halafu udunde nyuma ya mstari wa katikati. Ukidunda kabla ya mstari, au ukifika ukuta wa nyuma bila kudunda, ni kosa, na kwenye madaraja yetu unapewa nafasi ya pili. Ila ukigusa ukuta wa pembeni kwanza kabla ya ule wa mbele hamna nafasi ya pili, sevu imeenda kwa mwenzako hapo hapo.

Sasa wengi wanajifunza ile sevu ya kasi inayopita chini chini kwa sababu inapendeza, halafu ya pili wanairusha rusha tu ili iingie na mpinzani anaimaliza. We fanya kinyume, anza na sevu ya pili. Jifunze sevu ya juu ya taratibu, simama katikati, piga juu ukutani, mpira upande ushuke kwenye kona ya nyuma upande wa bekihendi ya mpinzani, yaani upande usio wa mkono anaoshikia raketi, ukae karibu kabisa na ukuta wa pembeni bila kuugonga sana. Ingia chumbani peke yako na ndoo ya mipira, piga 50 kila siku kwa wiki tatu, na usihesabu zilizoingia, hesabu zilizofia kwenye kona. Ukifikisha 35 kati ya 50 uko tayari, hicho ndo kipimo changu na hakijawahi kuniangusha. Ya kasi iongeze baadaye kama ya kwanza.

Hatua ya 4, dari

Hapa ndo mahali naomba mnisikilize kuliko popote. Mpira ukikukuta nyuma, uko juu ya kifua, umechoka, umebanwa, usijaribu kuumaliza. Peleka darini. Piga dari karibu na ukuta wa mbele, ushuke ugonge ukuta, udunde mbele na uruke juu mpaka nyuma kabisa, mpinzani lazima arudi nyuma na we unapata nafasi ya kutembea mpaka katikati na kuvuta pumzi. Mwanzoni kila mtu anataka ule mpira wa kuua, wa chini kabisa ukutani, na akiwa na presha ya watu wanaangalia kupitia kioo anaugonga sakafuni kabla haujafika ukutani, tunaita skipu, anampa mwenzake rali bure, rali ni kule kupigiana mpira mpaka mmoja akosee. Kwenye mechi yangu ya kwanza nilihesabiwa na rafiki aliyekaa nje, gemu ya kwanza nilipiga skipu 9. Gemu ya pili nikapeleka dari kila mpira nisioupenda, nikashinda, na yule bwana alikuwa na mkono mzuri kuliko mimi.

Hatua ya 5, sheria za kuhesabu

Kwa utaratibu wa zamani anayesevu tu ndo anapata pointi, gemu mbili za 15, mkigawana mnacheza ya tatu ya 11. Ila siku hizi kuna mashindano yanahesabu kila rali, kwahiyo soma tangazo usije ukashangaa uwanjani. Kwenye gemu ya 15 una taimauti tatu za sekunde 30, zitumie, mtu akikufunga pointi nne mfululizo toka nje ukanywe maji, inamkata moto. Na kama hujajipanga kupokea sevu inua raketi juu ya kichwa, una haki hiyo ndani ya zile sekunde 10 baada ya refa kutaja matokeo.

Moja ya muhimu zaidi, ukiona ukizungusha raketi utampiga mwenzako, zuia mkono. Rali inarudiwa, hupotezi kitu.

Hatua ya 6, siku yenyewe

Fika saa moja kabla. Ukichelewa dakika 10 baada ya kuitwa wanaweza kumpa mwenzako ushindi. Usipashe mwili kwa kupiga mipira tu, ruka kamba nje mpaka utoke jasho, maana muda mnaopewa ndani ya chumba ni mfupi na unatakiwa uutumie kusikia ukuta wa nyuma unarudishaje mpira, kila jimu ina tabia yake, kioo kinarudisha tofauti na ukuta wa kawaida na mpira unapotea machoni mara za kwanza.

Pointi tano za mwanzo mwangalie mpinzani tu. Ana bekihendi? Anarudi katikati akishapiga au anabaki anautazama mpira wake? Asiyerudi katikati mpige upande wa pili, rahisi hivyo.

Hatua ya 7, utakuwa refa

Hii hawakuambii. Mashindano mengi aliyefungwa ndo anachezesha mechi inayofuata kwenye uwanja ule ule, kwahiyo ukitoka umechoka na una hasira utapewa karatasi na kalamu. Usikimbie, kuna watu wawili wanasubiri. Taja pointi za anayesevu kwanza, kwa sauti, sema mpira ukidunda mara mbili hata kama wataguna, na ukiwa hujaona sema hujaona, rali irudiwe. Wakizidi kubishana muombe msimamizi alete wasaidizi wawili wa kuangalia, wote wawili wakikupinga uamuzi wako unabadilika na mnaendelea.

Ukimaliza rudisha karatasi mezani, kanawe, halafu mtafute yule aliyekufunga, atakuwa pale kwenye chakula. Muulize sevu yako ipi ilimsumbua na ipi alikuwa anaisubiri. Mimi niliambiwa kila nikitaka kusevu upande wa kulia nilikuwa nageuza bega mapema, jumatatu yake nikaingia chumbani na ndoo ya mipira nikaanza na hilo bega.