Simu ya Ruzuku na Kifurushi cha Familia: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kukubali

Simu janja inayotolewa chini ya bei yake huwa imelipiwa na mtu fulani, na mara nyingi mlipaji huyo ni mtumiaji mwenyewe, ila analipa kwa awamu na kwa masharti ambayo muuzaji hayatangazi kwa sauti ileile anayotangazia bei. Kwa familia za Arusha na Moshi, simu za aina hii hufika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndugu aliyeko ng'ambo, hasa Marekani, anayetuma simu aliyoipata kupitia mkataba wa mtandao wake. Ya pili ni duka la mjini linalotoa simu kwa kianzio na marejesho ya kila siku au kila wiki. Katika njia zote mbili, swali la kwanza la kuuliza si bei, bali ni nani mwenye uwezo wa kuifunga simu hiyo akiwa mbali, na ni jambo gani litakalomfanya aifunge.

Simu iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani

Inafaa kuelewa kwanza simu hiyo ilinunuliwaje huko. Kwa miaka mingi mitandao ya Marekani iliuza simu kwa ruzuku ya wazi: iPhone 5 ya mwaka 2012, kwa mfano, ilianzia dola 199 kwa mteja aliyesaini mkataba wa miaka 2, ilhali bila mkataba ilianzia dola 649. Mtandao ulijirudishia tofauti hiyo kupitia bili ya kila mwezi, na mteja aliyetaka kuondoka mapema alitozwa fidia ya kuvunja mkataba. T-Mobile iliachana na utaratibu huo mwaka 2013, Verizon ikafuata mwaka 2015, na AT&T mwanzoni mwa mwaka 2016.

Ruzuku haikufa, ilibadilishiwa mahali pa kukaa. Siku hizi mteja huandikiwa deni la bei kamili ya simu, linalolipwa kwa miezi 24 au 36, kisha mtandao humpunguzia kiasi fulani katika kila bili, na wakati mwingine punguzo hilo hulingana na deni lote, ndipo simu inapoitwa ya bure. Punguzo hilo hufungwa kwenye laini moja mahususi ndani ya kifurushi cha familia. Laini hiyo ikikatwa kabla ya miezi kwisha, punguzo lililosalia hupotea na salio la deni hudaiwa kwa mwenye akaunti. Kwa hiyo kaka anayesema kwamba simu amepewa bure hasemi uongo, lakini huenda amefungua laini mpya katika kifurushi cha familia yake kwa ajili ya simu hiyo tu, na atailipia laini isiyotumiwa na mtu yeyote kwa muda wa hadi miaka 3. Gharama ya laini hiyo inapojumlishwa, simu ya bure inaweza kuzidi bei ya simu ambayo angeinunua taslimu.

Kabla hajaikabidhi simu kwa msafiri anayeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), mwombe ndugu yako athibitishe mambo yafuatayo, tena mwombe kwa maandishi, kwa kuwa mazungumzo ya simu husahaulika.

Jambo la kwanza ni kama deni limekwisha. Simu ya mkataba wa Marekani kwa kawaida huwa imefungwa ili itumie mtandao uliouza peke yake, na kumaliza deni ni sharti la msingi la kufunguliwa. AT&T hutaka simu iwe imetumika kwenye mtandao wake kwa siku zisizopungua 60 na iwe imelipwa yote; T-Mobile, kwa wateja wake wa mkataba, hutaka siku 40 na malipo kamili. Maana yake ni kwamba simu iliyonunuliwa wiki iliyopita na kuletwa wiki hii itasoma laini ya Tanzania na kuikataa. Ombi la kuifungua hupitia kwa mtandao uliouza, na anayeliwasilisha ni mwenye akaunti, kwa hiyo usitegemee kwamba fundi wa mjini atalimaliza jambo hilo mezani pake. Wapo wanaojaribu, na baadhi ya njia zao hufanya kazi hadi simu itakapojisasisha.

Uhakiki wenyewe ni rahisi. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, ingia sehemu ya jumla, kisha sehemu ya maelezo ya simu, na utafute mstari unaohusu kufungwa kwa mtandao. Simu huru huandika "No SIM restrictions". Kwa simu za Android, njia ya kuaminika ni ndugu yako kuingiza laini ya mtandao mwingine akiwa bado huko, kupiga simu moja na kufungua intaneti. Ikikubali huko, huku haitakataa kwa sababu ya kufungwa.

Jambo la pili linawashangaza wengi. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za Apple zinazouzwa Marekani hazina tundu la kuingizia kadi ya laini. Zinatumia eSIM pekee, yaani laini inayopakuliwa ndani ya simu. Simu ya toleo hilohilo iliyouzwa Uingereza ina tundu. Kabla simu haijasafirishwa, nenda duka la mtandao wako ukaulize kama linakuhamishia namba yako kwenda eSIM, na uende na namba yako ya NIDA kwa kuwa utahitajika kuthibitisha alama za vidole.

Jambo la tatu ni akaunti. Ndugu yako lazima aondoe akaunti yake ya Apple au ya Google kwa kufuata mipangilio, kabla ya kuifuta simu. Akiifuta bila kujiondoa, simu itadai nywila yake mara tu utakapoiwasha, na usiku wa huku ni mchana wa kazi wa kule.

Lipo pia wazo linalojitokeza mara kwa mara katika familia zenye ndugu nje: kwa nini tusiitumie laini ya kifurushi chake hapa Moshi, maadamu ameshailipia? Masharti yanazuia. T-Mobile, kwa mfano, hutaka mteja awe mkazi wa Marekani na matumizi yake makubwa yawe kwenye mtandao wake wa huko. Matumizi ya muda mrefu ugenini yanaweza kusitishwa. Laini hiyo inafaa kwa mgeni anayekuja Krismasi, haimfai bibi wa Kibosho anayeishi hapa mwaka mzima.

Simu ikishafika, piga *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama aina ya simu inayotajwa inalingana na uliyoshika. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini tarehe 16 Juni 2016, na mfumo huo wa kuhakiki bado una manufaa hata kwa simu zilizokwishatumika na mtu mwingine.

Simu ya mkopo ya dukani

Serikali yetu iliwahi kujaribu kupunguza bei moja kwa moja: katika bajeti ya mwaka 2021/22 simu janja ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, na mwaka uliofuata msamaha huo ukaondolewa. Mnunuzi wa kawaida amebaki na mkopo.

Hesabu ifanywe dukani, kabla ya kutoa kitambulisho. Chukua mfano wa kubuni: simu ambayo taslimu ni shilingi 350,000 inatolewa kwa kianzio cha 60,000 na marejesho ya 1,500 kwa siku kwa siku 365. Marejesho peke yake ni 547,500, na ukijumlisha kianzio unapata 607,500. Umelipa 257,500 juu ya bei ya taslimu. Huenda bado inakufaa, kwa sababu dereva wa bodaboda anayepata oda kwa simu hiyo anaweza kuifidia. Lakini shilingi 1,500 inayotamkwa peke yake haikupi nafasi ya kuamua.

Baada ya hesabu, linganisha ratiba ya marejesho na ratiba ya kipato chako. Hapa ndipo wateja wa mikoa yetu wanapoumia kuliko mahali pengine, kwa kuwa mikopo mingi ya simu imetengenezwa kwa mtu anayeshika fedha kila siku. Muuza ndizi wa soko la Mbuyuni anashika. Mkulima wa kahawa wa Machame anashika baada ya mavuno, na miezi mingine anaishi kwa kujinyima. Mwongoza watalii wa Arusha ana fedha kuanzia Juni hadi Oktoba, na mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimefunga barabara za mbugani, anaweza kukaa wiki kadhaa bila safari. Mtu wa namna hii aulize kama anaruhusiwa kulipa siku nyingi mbele wakati wa msimu, na kama kulipa mapema kunapunguza jumla au kunafupisha muda tu. Lisipokuwepo jibu la maandishi, namshauri adunduize kwenye kikoba chake anunue taslimu.

Kisha soma sehemu ya kufungwa. Simu hizi huwa na programu ya ulinzi inayomwezesha mkopeshaji kuizima akiwa ofisini. Kwa Samsung, mojawapo ni Knox Guard, ambayo haiondoki hata simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani. Uliza: inafungwa baada ya kuchelewa kwa saa ngapi? Ikifungwa, naweza kupiga namba za dharura na kufanya malipo? Ikiibwa, naendelea kudaiwa? Swali hilo la mwisho ndilo linaloulizwa kwa nadra, na mara nyingi jibu lake ni ndiyo. Uangalie pia ruhusa ambazo programu ya mkopeshaji inaomba; hakuna sababu ya msingi ya kusoma orodha yako yote ya namba ili kukuuzia simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa mahali pa kusimamia.

Tahadhari hii inamhusu hata asiyekopa. Simu iliyotumika, inayouzwa rahisi pembeni ya stendi, inaweza kuwa na mkopo usiokwisha wa mtu mwingine, nayo itafungwa ukiwa umeshalipa. Kabla ya kutoa fedha, irudishe katika hali ya kiwandani mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti, na usubiri. Ikitokea nembo au ujumbe wa mkopeshaji, irudishe.

Kugawana kifurushi nyumbani

Kifurushi cha familia kwa maana ya Marekani, yaani bili moja yenye laini nyingi, si desturi yetu, kwa kuwa wengi wetu tunalipa kabla ya kutumia. Tunachofanya ni kumnunulia mwenzetu kifurushi au kumhamishia sehemu ya kile tulicho nacho, na vikwazo vyake ni vichache lakini vinauma: kuhamisha hufanyika ndani ya mtandao uleule, na muda wa kifurushi unaendelea kukimbia. Familia yenye watu wanne au watano katika nyumba moja, yenye umeme wa uhakika, hunufaika zaidi kwa kununua ruta na kifurushi cha mwezi.

Suala zito ni jina. Kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, kwa hiyo laini ya mtoto husajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, na kanuni za usajili za mwaka 2020 ziliweka ukomo wa idadi ya laini kwa mtu mmoja katika mtandao mmoja, kukiwa na utaratibu wa kueleza sababu ya kuhitaji ya ziada. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukaifute. Na kama ni ya mjomba uliyemsajilia miaka ya nyuma, mwombe aisajili upya kwa jina lake, kwa sababu mkopo wa simu au wa fedha utakaochukuliwa kupitia laini hiyo utakutafuta wewe.

Yakitokea malalamiko, anza kwa mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika, peleka nakala ya mkataba, ujumbe wa malipo na namba hiyo katika ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kaskazini iliyopo Arusha iwapo tatizo ni la laini au kifurushi. Kama ni la mkopeshaji wa fedha, muulize kwanza leseni yake ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kisha uandike barua kwa tawi la Benki Kuu la Arusha.