Mfunze mtoto kuujua udongo kwa macho na kwa vidole

Ukimwuliza mtoto wa Ahero, magharibi mwa Kenya, udongo wenye rutuba una rangi gani, atajibu kuwa ni mweusi. Amefunzwa hivyo, na somo hilo ni nusu tu. Udongo mweusi wa nyanda za Kano, kulikoko Ahero, ni udongo wa mfinyanzi mzito: mvua ikinyesha unang'ang'ania jembe, jua likiwaka unapasuka nyufa pana. Unafaa mpunga kwa kuwa unashika maji, lakini weusi wake si dalili ya mboji nyingi. Weusi wa udongo wa kando ya zizi, ule uliojaa samadi iliyooza, ni jambo jingine kabisa, na mtoto ataitambua tofauti akiushika.

Kwa hiyo anza na rangi, ila usiishie hapo. Chimbeni sehemu tatu za shamba, kina cha jembe moja: karibu na zizi, katikati, na kule bondeni. Lowesheni kila udongo kidogo kabla ya kulinganisha, maana mkavu huonekana mweupe kuliko ulivyo. Wekundu wa Kakamega na Kisii unatokana na chuma kilichoshika kutu, ishara kwamba maji hayatuami na hewa inapita. Kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu huonyesha maji hukaa hapo sehemu ya mwaka.

Sasa vidole. Mtoto achukue udongo wa kujaa kiganja, autie maji kidogo kidogo na kuukanda kama unga wa chapati hadi usinate. Asugue kwanza: udongo wa kichanga hukwaruza, wa mfinyanzi huteleza. Kisha afinyange donge na kulisukuma kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada litoke utepe. Kichanga hakishiki hata donge. Tifutifu hutoa utepe mfupi unaokatika kabla ya sentimita 2.5. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Acha watoto washindane kutoa utepe mrefu, hawatasahau.

Mwalimu mwenye chupa angavu ana somo jingine. Jaza theluthi moja udongo, ongeza maji, tikisa sana, iache kwenye dirisha. Mchanga hutua ndani ya dakika chache, mfinyanzi huendelea kutua hadi kesho yake, na mabaki ya majani huelea juu.

Epukeni udongo wa karibu na choo, na kila mtoto anawe kwa sabuni, hasa kwenye kucha.

Waambieni ukweli pia kwamba macho na vidole havioni asidi. Mashamba mengi mekundu ya magharibi yana asidi nyingi na mahindi hudumaa, hivyo kabla ya kununua chokaa ya kuipunguza, peleka sampuli maabara. Lakini mtoto anaweza tayari kuchora ramani ya shamba lenu: nduma bondeni panaposhika maji, njugu na mihogo kwenye kichanga, sukuma wiki karibu na zizi. Ichukue ramani hiyo mkipanga msimu wa Machi.