Kulinganisha mfumo wa inesha huku boti inakwenda

Mfumo wa inesha ni kisanduku cha vihisi kinachoonyesha boti imelala vipi na inaelekea wapi; kuulinganisha ni kuupatia mlalo na kaskazini ya kuanzia. Boti ikiwa imefungwa gatini na maji yametulia, kazi ni kungoja tu. Vipima mchapuko vinahisi uvutano, mlalo unapatikana. Jairoskopu, yaani vihisi vya mzunguko, zikiwa nzuri zinahisi dunia inavyozunguka, nyuzi 15 kwa saa, kaskazini inapatikana. Mimi napima kina kwenye mkondo wa Unguja, na kusi ikivuma boti yetu huyumba nyuzi 10 kwa sekunde. Nyuzi 15 za saa nzima utaziona wapi humo? Jairoskopu zetu zenyewe ni za bei nafuu. Kwa hiyo natumia kichujio cha Kalman, yaani hesabu inayosahihisha mfumo kwa kasi inayotoka GPS.

Anza na futi ya kupimia. Pima toka kisanduku cha vihisi hadi antena: kuelekea omo, ubavuni, na juu. Antena yetu iko mlingotini, mita 4 juu ya kisanduku. Kwa kuyumba kule inakwenda mita 0.7 kwa sekunde wakati kisanduku kiko palepale. Usipokiambia kichujio, kitadhani boti nzima imekwenda ubavu, na mlalo utapinda. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa alama ya kutoa iliyosahaulika hapa.

Mlalo wa kuanzia, chukua wastani wa uvutano wa dakika mbili. Mwelekeo, chukua dira, na utaje shaka yake kwa ukweli. Ukidai uhakika usio nao, kichujio kitakataa vipimo vizuri. Ila kosa likizidi nyuzi 10 hivi, hesabu za kawaida zinazodhani kosa ni dogo huanza kuyumba. Tafuta kwanza makadirio bora.

Sasa mwombe nahodha. Ukienda mnyoofu kwa mwendo uleule, kosa la mwelekeo halionekani kabisa, hata ungoje saa nzima. Linajitokeza pale tu mchapuko unaohisiwa na vihisi unapopishana na ule unaoonwa na GPS. Aongeze toka fundo 4 hadi 8, kisha azunguke umbo la nane mara tatu. Mweleze sababu. Nahodha wetu siku hizi huniuliza mwenyewe, “Fundi, nianze nane?”

Tazama mabaki ya kasi, yaani tofauti kati ya kasi ya GPS na ile ya kichujio: yatawanyike kandokando ya sifuri. Yakiegemea upande mmoja kila mnapokata kona, kagua vipimo vya antena na ucheleweshaji wa saa ya GPS kabla hujagusa kitu kingine.

Mwisho tafuta jiwe unalolijua chini ya maji. Lipite mara mbili ukielekea upande uleule, kwanza likiwa kulia, kisha kushoto. Likionekana mahali pawili kwenye vipimo vya kina, rudia nane.