Usimimine Bia, Ishushe kwa Mpira

Kila ninapoitwa kuonja bia ya nyumbani iliyogeuka siki, huuliza kwanza: uliihamishaje kwenda chombo cha pili? Karibu kila mara naambiwa, "Niliinua ndoo nikamimina." Basi bia iliharibikia hapo. Msiisingizie hamira.

Bia iliyochachuka imekingwa na hewa ya ukaa iliyoitoa yenyewe. Ukiimimina ikatoa povu, umeichanganya na oksijeni. Bakteria wa siki, ambao huletwa hata na wale nzi wadogo wa matunda, huhitaji oksijeni ili wageuze kilevi kuwa siki, nawe umewapa. Hata wasipoingia, oksijeni peke yake huipa bia ladha ya karatasi iliyolowa.

Weka chombo kilichojaa mezani na kitupu sakafuni. Kitako cha chombo cha juu kiwe juu zaidi ya mdomo wa cha chini. Mpira, yaani bomba laini la kupitishia bia, ushuke mpaka kitakoni mwa chombo cha chini. Narudia, kitakoni! Ukiuacha ukining'inia katikati, bia itadondoka ikitoa povu, na hapo hujatofautiana na aliyemimina. Ncha ya juu ikae sentimita 3 juu ya mashapo. Jaza mpaka zibaki sentimita 3 hadi 5 chini ya mfuniko. Lita 10 ndani ya pipa la lita 20 ni kuifungia bia pamoja na hewa nyingi.

Na acheni kuvuta mpira kwa mdomo. Mate yana bakteria. Jaza mpira maji yaliyochemshwa yakapoa, ziba ncha ya chini kwa kidole safi, zamisha ya juu kwenye bia, acha maji yatangulie kumwagikia kikombeni, kisha elekeza bia chomboni.

Vyombo na mpira vioshwe kwa sabuni kwanza, maana dawa haiui vijidudu vilivyojificha ndani ya uchafu. Kisha loweka dakika 20 katika maji baridi yenye klorini ya kufulia isiyo na manukato, mililita 15 kwa lita 4, na usuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Klorini isichanganywe kamwe na siki wala ndimu. Hutoa gesi ya sumu.

Usihamishe kabla hidromita, kifaa cha kupimia uzito wa bia ili kujua kama imemaliza kuchachuka, haijaonyesha kipimo kilekile siku 3 mfululizo. Kama huna sababu ya kuhamisha, iache ilipo.

Baada ya wiki, kama haina utando juu wala harufu ya siki, imesalimika. Usifunue kila siku kuhakikisha.