Jinsi ya kusoma Ghuba ya Winam kabla ya kushusha mshipi, Agosti na Septemba

Mvuvi aliyehamia Kisumu kutoka Mombasa huwa na mazoea ya kuuliza maji yatajaa saa ngapi. Swali hilo liwekwe kando, kwa maana Ziwa Victoria, ambalo ghuba hii ni mkono wake, ni la maji baridi, halina bamvua wala kupwa kunakoweza kumfaa mvuvi, na saa ya huku hupangwa na upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, nao upepo huvuma kuelekea majini. Jua likishapanda mambo hugeuka, na alasiri mawimbi husukumwa moja kwa moja hadi fuo za Kisumu. Kwa hiyo toka saa kumi na mbili asubuhi, na uwe umepiga kasia kurudi kabla ya saa saba mchana.

Upepo huohuo ndio unaohamisha gugumaji. Niliwahi kutoka Dunga, ufuo wa Kisumu, maji yakiwa meupe kabisa, na niliporudi nikakuta zulia la kijani limeziba gati. Tulitumia saa mbili tukisukuma mtumbwi kwa mti, injini ikiwa imeinuliwa ili mizizi isijisokote kwenye panga zake. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoka, huuliza upepo wa jana ulitoka wapi.

Jambo linalowapotosha wengi zaidi ni hewa iliyomo ndani ya maji. Chini ya gugumaji, na mahali ambapo mwani umeyafanya maji kuwa ya kijani kizito, oksijeni hupungua mno kuelekea alfajiri. Ukiona ngege (perege) wanatweta juu ya maji wakati huo, usidhani ni neema: wanakosa pumzi, na mbuta (sangara), ambaye hastahimili hali hiyo hata kidogo, ameshaondoka. Hapo watabaki kamongo, mwenye mapafu, na mumi (kambare), ambaye pia huweza kuvuta hewa ya juu. Anayetaka hao wawili na atege kando ya gugumaji. Anayetaka mbuta atafute maji ya wazi yanayotikiswa na upepo, na akiwa na chombo imara, aelekee magharibi, upande wa mlango wa Rusinga, ambako ghuba huwa na kina zaidi na hukutana na ziwa kuu. Karibu na mdomo wa mto Nyando, mvua ikinyesha milimani, maji hugeuka kahawia ya tope, mimi hupapita.

Kwa mbuta, chambo hai hushinda nyama iliyokufa. Chukua fulu, samaki mdogo wa ziwani, au mumi mdogo, pitisha ndoana kwenye ngozi ya mgongo, juu ya uti, ili aendelee kuogelea, kisha weka chubwi jepesi lisilomzamisha kwenye tope. Mbuta asiyefika sentimita 50 arudishwe majini. Omena (dagaa) ni kazi ya taa na usiku wa giza, na msimu wake hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai.

Vaa jaketi la kuokolea tangu ufuoni. Wingu likianza kuwa jeusi juu ya milima ya Nandi, kunja mshipi hata kama samaki wanauma, kwa sababu dhoruba hutanguliza upepo, na upepo huo hufika kabla ya tone la kwanza.