Kufuatilia chanzo cha ndui ya kuku katika uwanda wa Kano

Ndui ya kuku, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, inapozuka Ahero au kandokando ya Mto Nyando, magharibi mwa Kenya, wakati wa mvua za masika, lawama kwa kawaida humwangukia kuku wa mwisho kununuliwa sokoni. Huenda anastahili, lakini kabla ya kumchinja, vichunguze vipele vyenyewe.

Kipele kichanga ni kidogo na cheupe. Baadaye hugeuka manjano, kisha hukauka na kuwa kigaga cheusi ambacho hubanduka baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo kuku mwenye vigaga vikavu zaidi kwenye undu, ndevu au kope ndiye aliyetangulia kuugua, hata kama umemtambua jana tu. Kadiria siku kipele chake cha kwanza kilipotokea, kisha rudi nyuma siku 4 hadi 10, muda unaopita kati ya kuambukizwa na kutokea kwa kipele. Maswali yako yote yahusu kipindi hicho: ni kuku gani walioingia bomani, na ni jirani yupi aliyekuwa na kuku wenye vipele?

Usiku, ingia bandani na tochi uandike kila mgonjwa analala wapi. Wakiwa wengi upande wa dirisha lisilo na wavu, washuku mbu, ambao huuma palipo wazi pasipo manyoya. Wakiwa ni wale waliodonoana, huenda virusi vilipitia majeraha. Hata hivyo, mbu hachipuzi ugonjwa huu mwenyewe. Aliubeba mdomoni kutoka kwa ndege mgonjwa, na kwa hiyo mfuatiliaji anayeishia kwa mbu amefika nusu ya njia tu. Vigaga vilivyoanguka kwenye matandiko ya banda navyo hubaki na virusi kwa miezi, jambo linaloweza kueleza mkurupuko usio na mgeni yeyote.

Chota maji ya mitaro, matairi na mitungi kwa bakuli jeupe ili uone viluwiluwi vya mbu. Mashamba ya mpunga huwezi kuyakausha, matairi unaweza.

Mwite daktari wa mifugo achukue sampuli za vipele, hasa ikiwa kuku wana utando wa manjano kooni na wanapumua kwa shida, kwa kuwa magonjwa mengine ya koo hufanana na hilo. Akithibitisha ndui mapema, kuku wasio na dalili huchanjwa kwenye ngozi ya bawa, na siku 7 hadi 10 baadaye pale palipodungwa pakaguliwe: pasipovimba, huenda chanjo haikushika.