Somo: Silki wa mbegu na wa mashindano (vidole vitano havitoshi!)

Wakuu, kila wiki napokea picha ya mguu wa kuku na swali lilelile: "Ana vidole vitano, ni silki orijino?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Somo lote la silki, kuku wa China mwenye manyoya laini kama hariri, hili hapa. Atakayeniuliza tena habari za vidole nitamrudisha huku bila salamu.

1. Amua unafuata kipimo cha nani. Kwa Wamarekani silki ni bantamu, yaani kuku wa umbo dogo: jogoo kilo moja na kidogo, koo gramu 900 hivi. Kwa Waingereza ni kuku wa daraja jepesi, si bantamu: jogoo kilo 1.8, koo 1.36. Ukichanganya pande hizi utapata watoto wasio wa huku wala wa kule. Chagua upande mmoja, baki nao.

2. Kagua ndege mzima. Hapa msome taratibu, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Vidole vitano, kishungi, miguu yenye manyoya, hata ngozi nyeusi: chotara wa kwanza, mtoto wa silki na kuku mwingine, anaweza kuwa navyo vyote. Jeni ya kidole cha tano ina nguvu, mara nyingi mzazi mmoja akiwa nayo inatosha. Manyoya ya hariri ni kinyume chake. Jeni yake ni dhaifu, hujitokeza pale tu kifaranga anapoipata kwa baba na kwa mama. Unyoya wa kuku wa kawaida una vijindoano vinavyoushikanisha ukalala bapa. Wa silki hauna, ndiyo maana unatawanyika. Kwa hiyo jogoo wa silki akimpanda koo wa kienyeji, watoto wote watakuwa na manyoya ya kawaida. Muuzaji atakwambia "yatabadilika akikua." Kama kifaranga ameshavua malaika (manyoya ya utotoni) na mgongo umelala bapa, hayabadiliki. Ondoka.

Na ukiona hariri usishangilie mapema. Machotara hao wakirudishwa kwa jogoo wa silki, karibu nusu ya watoto watatoka na manyoya ya hariri huku damu ya kienyeji bado imo. Hapo sasa unaangalia mengine kwa pamoja: upanga (ile nyama ya utosini) wa mviringo wenye vinundu, rangi ya zambarau iliyoiva, si mwekundu na si wa meno, ndewe za rangi ya feruzi, mgongo mfupi, kidole cha tano kilichojitenga na cha nne na kupinda juu. Ugumu kidogo kwenye manyoya marefu ya bawa na mkia unaruhusiwa, msiwachinje bure.

Jogoo wa mbegu usimnunue bila kuwaona wazazi wake. Tetea mbovu anaharibu mayai yake tu, jogoo mbovu anaharibu banda zima.

3. Jogoo mmoja kwa koo wanne au watano. Punguza manyoya yanayozunguka tundu la nyuma, kwa wote wawili, la sivyo utatotolesha mayai yasiyo na mbegu.

4. Kutotoa: siku 21, kwa mashine au kwa koo mwenyewe.

5. Vifaranga: joto, banda kavu, chanjo ya ugonjwa wa Mareki siku ya kwanza, kideri na Gumboro kwa ratiba ya daktari wako wa mifugo.

6. Usiwachanganye na kuku wakubwa. Silki wengi wana uvimbe utosini kwa sababu fuvu halijafunga vizuri chini ya kishungi. Donoo moja la jogoo wa kienyeji hapo, umempoteza.

7. Kuosha: siku mbili au tatu kabla ya maonyesho, asubuhi ya jua. Beseni tatu za maji ya uvuguvugu: la sabuni laini, la siki kidogo, la maji matupu. Manyoya haya hayazuii maji, yanaloa hadi ngozini, na kuku aliyebaki na unyevunyevu huku upepo unapiga anaweza kufa usiku uleule. Taulo, kisha draya kwenye joto la chini, na usimwachie mpaka ukipenyeza vidole chini ya bawa ukute pakavu kabisa.

MASWALI

Mdau, Tanga: Mkuu somo zuri. Wangu mweupe, ana vidole vitano, je ni orijino?

Jibu: Namba 2.

Mdau, Tanga: Nimeuliza tu mkuu.

Jibu: Na mimi nimejibu tu. Tuma picha ya mgongo na ya upanga, mguu niachie.

Mdau, Nakuru: Wana miezi miwili, nitajuaje pora na tetea?

Jibu: Subiri. Silki hufichua jinsia kwa kuchelewa, miezi minne, mitano, wengine hata zaidi. Kishungi cha tetea ni cha duara. Cha pora hutoa nyuzi zinazoelekea nyuma, na upanga wake hupanuka mapema. Anayekuuzia "tetea" wa wiki sita anakuuzia bahati nasibu.

Mdau, Morogoro: Kaka, nilimpandisha jogoo wa silki kwa koo wangu wa miguu ya njano. Watoto wa kike wametoka weusi ngozini, wa kiume weupe weupe. Nimekosea nini?

Jibu: Hujakosea dada, na hili ndilo swali bora mpaka sasa. Koo wako ana jeni inayozuia weusi, na imekaa kwenye kromosomu ya jinsia. Kuku jike humpa kromosomu hiyo mwanawe wa kiume peke yake. Mabinti wanaipata ya baba, ambaye hana kizuizi, wanatoka weusi. Bateson na Punnett, wanasayansi wa Uingereza, waliandika juu ya jambo hili tangu 1911. Sasa ona hatari yake sokoni: binti chotara ana ngozi nyeusi na vidole vitano, manyoya tu ndiyo yanayomsuta. Wawekee alama, usije ukawauza kama silki.

Mdau, Moshi: Mbona maonyesho ya huku jogoo wa upanga wa meno alipewa zawadi ya kwanza? Labda vipimo vyako vya kizungu.

Jibu: Silki ni kuku wa China, si wa kizungu wala wa kwangu. Vipimo sikuvitunga mimi. Furahia zawadi, ila mayai yake usiwauzie watu kama mbegu.

Mdau, Mbeya: Wangu mmoja shingo imepinda, anarudi kinyumenyume.

Jibu: Wangapi wanaumwa? Wakiwa wengi, au wanakufa, fikiria kideri kwanza na mwite daktari leo. Akiwa mmoja aliyedonolewa kichwani, mtenge, mpe vitamini E na seleniamu, mnyweshe mwenyewe kwa mkono. Wengine hurudi sawa baada ya wiki kadhaa.

Mdau, Kigamboni: Nataka rangi ya buluu, nioanishe buluu kwa buluu?

Jibu: Utapata nusu buluu, robo weusi, robo wenye madoa. Ukitaka buluu watupu, mweusi kwa mwenye madoa.

Mdau, Dodoma: Nyongeza kidogo: silki wangu namlalishia mayai ya kanga, anayatotoa yote. Siku 26 hadi 28, hachoki.

Jibu: Kweli kabisa. Muwekee yale anayoweza kuyafunika tu, na kila siku mtoe ale na anywe, maana kujitoa mwenyewe hatajitoa.